Ufini: utajiri ulitoka msituni, au ulitokana na jinsi walivyougawana msitu?

Mpandamiti wa Mufindi (aliyeuliza)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mafinga.

Sisi tunaoishi Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo tumeifahamu Ufini kwa njia moja tu, nayo ni miti. Kuanzia mwaka 2014 mpango wa Panda Miti Kibiashara, uliogharamiwa kwa ushirikiano wa serikali yetu na serikali ya Ufini, ulifika vijijini ukitufundisha habari za mbegu bora, nafasi kati ya mche na mche, kupogolea, kupunguza miti na kujikinga na moto. Wataalamu walikuja na kuondoka, na wengi wetu tukabaki na picha ya nchi tajiri yenye baridi kali ambako familia inaweza kuishi vizuri kwa kuwa na kipande cha msitu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia habari za nchi hiyo, na kadiri ninavyosoma ndivyo picha hiyo inavyozidi kunichanganya. Ufini ina watu takriban milioni 5.6, karibu robo tatu ya ardhi yake imefunikwa na misitu, na mti wa kule huhitaji miaka 60 hadi 100 ndipo uwe tayari kuvunwa, ilhali msindano wetu ukitunzwa vizuri hufaa kwa mbao ukiwa na miaka 20 hivi. Kwa hesabu ya kawaida sisi ndio tungepaswa kuwa mbele. Lakini huku kwetu mtu huuza shamba la miti ya miaka minane au tisa kwa dalali kwa sababu ada ya mtoto haisubiri, na mbao zinazotoka humo zinakuwa nyepesi na zenye kupinda.

Jambo la pili linalonitatiza ni habari za miaka ya karibuni. Nchi ambayo tangu mwaka 2018 imekuwa ikitajwa kila mwaka kuwa yenye watu wenye furaha kuliko zote duniani, sasa inasemwa ina deni kubwa, watu wasio na kazi wameongezeka, bandari zimefungwa kwa migomo, na chama kinachopinga wahamiaji kimo ndani ya serikali. Naomba wenye ujuzi wanieleze nchi hiyo ilifikaje ilipofika, nani anaitawala kwa sasa, na kwa nini inayumba. Ningependa maelezo ya kina hata kama ni marefu.

Mwalimu wa Kihesa

Ndugu Mpandamiti, swali lako ni zuri, nami nitajibu sehemu ya historia, ambayo ndiyo ninayoifundisha hapa Iringa.

Ufini ilijitangazia uhuru kutoka Urusi tarehe 6 Desemba 1917, na wiki chache baadaye ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo vya mwaka 1918 vilikuwa kati ya Weupe, yaani wenye mali na wakulima wenye ardhi, na Wekundu, yaani wafanyakazi wa viwandani na wakulima wapangaji wasio na ardhi yao. Weupe walishinda, na zaidi ya watu 30,000 walikufa, wengi wao wakiwa Wekundu waliokufa kwa kuuawa baada ya kukamatwa au kwa njaa na magonjwa katika kambi za wafungwa. Kwa nchi iliyokuwa na watu milioni tatu hivi, hilo lilikuwa jeraha la kutisha.

Sasa angalia walichofanya washindi. Mwaka huohuo wa 1918 walipitisha sheria iliyowaruhusu wakulima wapangaji kununua mashamba waliyokuwa wakiyalima, na mwaka 1922 ikafuata sheria nyingine, inayojulikana kwa jina la mwanasiasa Kyösti Kallio, iliyowawezesha watu wasio na ardhi kupata viwanja na mashamba. Hawakufanya hivyo kwa huruma peke yake, kwa maana walijua kwamba mtu asiye na cha kupoteza ndiye atakayebeba bunduki tena. Kisha ikaja vita na Umoja wa Kisovieti, mara ya kwanza 1939 hadi 1940 na mara ya pili 1941 hadi 1944. Ufini ilipoteza eneo la Karelia, na zaidi ya watu 400,000 wakahama kutoka huko. Serikali haikuwaweka kambini. Kwa sheria ya mwaka 1945 iliwagawia ardhi wao pamoja na askari waliorudi kutoka vitani, na katika ardhi hiyo kulikuwa na shamba na kulikuwa na msitu.

Ndiyo sababu leo karibu asilimia 60 ya misitu ya Ufini inamilikiwa na familia na watu binafsi, na wamiliki hao ni zaidi ya 600,000. Unapouliza utajiri ulitoka wapi, mimi husema ulitokana na uamuzi huo kuliko ulivyotokana na miti yenyewe. Kiwanda cha karatasi kilipohitaji magogo, kililazimika kumlipa mkulima mwenye hati, na fedha ikabaki kijijini.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Baada ya vita Umoja wa Kisovieti uliidai Ufini fidia ya dola milioni 300 kwa bei za mwaka 1938, na sehemu kubwa ya fidia hiyo ilitakiwa ilipwe kwa meli, mitambo na mashine, vitu ambavyo Ufini ilikuwa ikivitengeneza kwa kiasi kidogo tu. Ilibidi wajenge viwanda vya chuma na karakana za meli ili walipe deni. Walimaliza kulipa mwaka 1952, na viwanda vikabaki mikononi mwao pamoja na mteja aliyevizoea, kwa maana Wasovieti waliendelea kununua. Gharama ya kisiasa ilikuwepo pia: kwa mkataba wa urafiki wa mwaka 1948 Ufini ilijifunga kutokuwa upande wa maadui wa Moscow, na Rais Urho Kekkonen, aliyekaa madarakani kuanzia 1956 hadi 1982, aliutumia ukaribu wake na Wasovieti kuwabana wapinzani wake nyumbani. Wanaoisifu demokrasia ya Ufini wasiziruke kurasa hizo.

Kwa faida ya wasomaji wetu niongeze kwamba Martti Ahtisaari, aliyekuja kuwa Rais wa Ufini kuanzia 1994 hadi 2000 na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2008, alikuwa balozi wa nchi yake hapa Tanzania kuanzia 1973 hadi 1976. Kazi yake ya baadaye ya kuipeleka Namibia kwenye uhuru ina mizizi Dar es Salaam.

Fundi wa Makambako

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima, lakini sikubaliani nawe.

Unasema siri ni familia kumiliki miti. Hapa Njombe na Mufindi familia zinamiliki miti. Ukitoka nje ya shamba la serikali la Sao Hill, milima yote unayoiona imejaa misindano na milingoti ya watu binafsi, wengine wana ekari mbili na wengine wana mia. Mbona hatujawa Ufini? Mimi nachana mbao kwa dingdong, ile mashine ndogo ya kuchania, najua mti unanunuliwaje. Mnunuzi anaingia shambani, anatazama kwa macho, anataja bei ya shamba zima, na mwenye miti hana kipimo, hana barabara ya kupitisha gari masika, wala hajui jirani yake ameuza kwa kiasi gani. Umiliki upo, faida haipo. Basi tueleze kilichopo katikati.

Dada wa Uyole

Fundi ameuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema, nami nitamwachia Mwalimu alijibu. Mimi nitazungumzia uchumi wa miaka ya karibuni, kwa kuwa Ndugu Mpandamiti aliuliza pia sababu za kuyumba. (Kwa wasiojua, kituo cha kilimo cha Uyole hapa Mbeya kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, Ufini ikiwemo, hivyo habari za nchi hizo si ngeni kwetu.)

Watu wengi hudhani kwamba matatizo ya Ufini ni ya leo. Pigo kubwa kuliko yote tangu vita lilikuwa la mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika miaka ya 1980 nchi ililegeza masharti ya mikopo, makampuni na watu binafsi wakakopa kwa fedha za kigeni, na bei za nyumba zikapanda kupita kiasi. Mwaka 1991 Umoja wa Kisovieti ukasambaratika na biashara ya upande wa mashariki ikakatika karibu kwa mkupuo mmoja. Sarafu yao ya wakati huo, markka, ilishushwa thamani mwezi Novemba 1991 na kuachiwa ielee mwaka 1992, na waliokopa kwa fedha za kigeni wakaona madeni yao yakivimba bila wao kukopa senti moja zaidi. Pato la taifa lilipungua kwa zaidi ya asilimia 10 katika miaka mitatu, na wasio na kazi wakapanda kutoka asilimia 3 hivi mwaka 1990 hadi zaidi ya 16 mwaka 1994. Serikali ilibeba mabenki kwa fedha za walipa kodi. Mwaka 1995 nchi ikajiunga na Umoja wa Ulaya, na baadaye ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kutumia euro.

Kilichowainua kilikuwa Nokia. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1865 ikiwa kiwanda cha kusaga miti kuwa rojo ya kutengenezea karatasi, ikaingia kwenye mipira na nyaya, na mwishowe ikawa kampuni ya simu ambazo karibu kila mtu wa rika langu hapa Mbeya aliwahi kushika moja. Kufikia mwaka 2000 Nokia peke yake ilichangia karibu asilimia 4 ya pato la taifa. Ni sifa kubwa, lakini kwa mtu wa uchumi ni hatari ileile iliyo katika kutegemea zao moja. Simu za skrini zilipokuja Nokia ilichelewa, na mwaka 2014 biashara yake ya simu ikakabidhiwa kwa Microsoft. Wakati huohuo dunia ilianza kusoma magazeti kwenye skrini, na mashine za karatasi za kuchapia zikafungwa moja baada ya nyingine. Mihimili miwili ilitikisika kwa pamoja, na kwa kuwa nchi ilikuwa ndani ya euro haikuweza tena kushusha thamani ya sarafu ili bidhaa zake zipate soko, njia ambayo ilikuwa imeitumia mara kadhaa huko nyuma.

Tangu mwaka 2008 uchumi wao umekuwa ukikua kidogo sana, na kuna miaka haukukua kabisa. Idadi ya wazee imeongezeka na watoto wanazaliwa wachache, kiwango cha uzazi kikiwa takriban mtoto 1.3 kwa kila mwanamke. Wazee wanahitaji pensheni na matibabu, na wanaolipa kodi wanapungua. Deni la serikali limevuka asilimia 80 ya pato la taifa, wakati kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka lisizidi asilimia 60. Mwezi Septemba 2024 kodi ya ongezeko la thamani ilipandishwa kutoka asilimia 24 hadi 25.5. Sisi tunalalamikia asilimia 18!

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba Ufini ni maskini. Ni nchi tajiri ambayo imezoea huduma za kiwango fulani, na sasa inabishana nani alipie. Ubishani huo ndio siasa yao ya leo.

Mwalimu wa Kihesa

Fundi, nimekuelewa, na hoja yako ina nguvu. Umiliki ulikuwa mwanzo tu.

Cha kwanza kilichokuwa katikati ni kipimo. Ufini ilifanya ukaguzi wa misitu ya nchi nzima kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1921 na 1924, watu wakitembea kwa miguu katika mistari iliyopangwa kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine wakipima miti. Ukaguzi huo umerudiwa mara nyingi tangu hapo. Kwa hiyo serikali, kiwanda na mkulima wote wanajua msitu una mita za ujazo ngapi na unakua kwa kasi gani. Mkulima wa kule kwa kawaida huuza miti ikiwa imesimama, na hapo anafanana na wa kwetu, lakini halipwi kwa kukadiriwa kwa macho. Mnunuzi huleta mashine yake, mashine hupima kila gogo inapolikata, na malipo hufuata mita za ujazo na daraja: gogo la mbao lina bei yake, na mti mwembamba wa kusagwa rojo una bei yake, iliyo chini sana. Bei zinazolipwa katika kila kanda huchapishwa na taasisi ya utafiti ya serikali, kila mtu akaziona.

Cha pili ni vyama vya huduma za misitu. Sheria ya mwaka 1950 iliwataka wenye misitu walipe ada maalumu kwa ajili ya vyama vyao vya eneo, na vyama hivyo viliajiri wataalamu wa kumpangia mwanachama mavuno, kumtafutia mnunuzi na kusimamia upandaji. Ada hiyo ya lazima iliondolewa mwaka 2015, lakini kwa miaka zaidi ya 60 ilikuwa imekwisha kujenga uwezo. Sheria ya misitu pia inamlazimu mtu anayevuna eneo lote ahakikishe msitu mpya unaota mahali pale.

Usidhani kwamba wanunuzi wa kule ni malaika. Mwezi Desemba 2009 Mahakama ya Masoko ya Ufini iliyatoza makampuni ya Stora Enso na Metsäliitto jumla ya euro milioni 51 kwa kushirikiana kinyume cha sheria katika ununuzi wa miti kati ya mwaka 1997 na 2004. Mshirika wa tatu, UPM, hakutozwa kwa sababu ndiye aliyekwenda mwenyewe kuifichua njama hiyo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Metsäliitto ni ushirika wa wenye misitu wenyewe. Kwa hiyo tamaa ya mnunuzi ni ileile iwe Makambako au Helsinki. Tofauti ni kwamba kule palikuwa na bei zilizoandikwa, palikuwa na mamlaka ya kuzichunguza, na palikuwa na mahakama iliyotoa hukumu.

Mdadisi wa Soko Matola

Wakuu, mmetoa elimu ya kutosha juu ya historia na uchumi. Naomba nijazie upande wa utawala, maana bado hatujajibu nani anatawala.

Bunge la Ufini lina viti 200, na uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka minne. Mpiga kura humchagua mgombea mmoja, na kura hiyo huhesabiwa pia kwa chama chake, kisha viti hugawanywa kwa uwiano wa kura. Matokeo yake ni kwamba hakuna chama kinachokaribia nusu ya viti, na kila serikali ni ya mseto. Katika uchaguzi wa Aprili 2023 chama cha Muungano wa Kitaifa, ambacho ni cha mrengo wa kulia na kinapendelea biashara, kilipata viti 48, Chama cha Wafini viti 46, na Wanademokrasia ya Kijamii wa Waziri Mkuu wa wakati huo, Sanna Marin, viti 43. Tazameni jinsi pengo lilivyo dogo. Chama cha Bi Marin kiliongeza viti lakini washirika wake katika serikali walianguka, naye akatoka madarakani.

Petteri Orpo wa Muungano wa Kitaifa alichukua uwaziri mkuu mwezi Juni 2023 baada ya majadiliano ya wiki nyingi, akiunda serikali ya vyama vinne: chake, Chama cha Wafini, Chama cha Watu wa Kiswidi kinachowakilisha raia wanaozungumza Kiswidi, na Wakristo Wanademokrasia. Kiongozi wa Chama cha Wafini, Riikka Purra, ndiye Waziri wa Fedha. Hapo ndipo utaona mvutano, kwa sababu chama kinachotaka wahamiaji wapungue kimekaa meza moja na wafanyabiashara wanaolia kwamba hawana wafanyakazi, na pia na chama cha wachache wa lugha ambacho kwa desturi kina msimamo wa wastani. Makubaliano yao huandikwa katika hati ndefu ya mpango wa serikali kabla mawaziri hawajaapishwa, na kila chama hukaa kikihesabu mistari yake iliyotekelezwa.

Rais ni Alexander Stubb, aliyemshinda Pekka Haavisto mwezi Februari 2024 na kuanza kazi tarehe 1 Machi. Kwa katiba iliyoanza kutumika mwaka 2000, madaraka makubwa ya enzi ya Kekkonen yalipunguzwa: Rais huongoza sera ya mambo ya nje akishirikiana na serikali na ni amiri jeshi mkuu, lakini mambo ya ndani ni ya Waziri Mkuu na Bunge.

Migomo aliyoitaja Ndugu Mpandamiti inatokana na mpango wa serikali ya Orpo wa kupunguza mafao ya wasio na kazi na kubadilisha sheria za ajira. Machi na Aprili 2024 vyama vya wafanyakazi vilifunga bandari na usafirishaji kwa wiki nne, na karatasi na mbao za kwenda nje zikabaki zimelala. Serikali haikurudi nyuma. Mwezi Mei mwaka huohuo ikapitishwa sheria inayoweka kikomo cha saa 24 kwa mgomo wa kisiasa. Kwa nchi ambayo kwa miaka mingi mishahara na hifadhi ya jamii zilipangwa kwa waajiri, wafanyakazi na serikali kukaa pamoja, hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana kwa mtu wa mbali, na kwa maoni yangu ndilo litakaloamua uchaguzi ujao kuliko hata suala la wahamiaji.

Upande wa Urusi ndio uliogeuka kabisa. Ufini ina mpaka wa takriban kilomita 1,340 na Urusi. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwezi Februari 2022, wananchi ambao kwa miongo mingi hawakutaka kujiunga na NATO walibadili mawazo ndani ya wiki chache, na tarehe 4 Aprili 2023 Ufini ikawa mwanachama wa 31. Mwishoni mwa mwaka huo ikafunga vituo vya mpaka wa mashariki ikisema Urusi inawasukuma wahamiaji kuvuka kwa makusudi. Miji ya karibu na mpaka, Lappeenranta na Imatra, ilipoteza wateja wa Kirusi waliokuwa wakijaza maduka na hoteli. Viwanda navyo vilipoteza magogo: karibu sehemu moja ya kumi ya miti iliyosagwa na kuchanwa Ufini ilikuwa ikitoka Urusi, na ilipokatika mwaka 2022 bei ya miti ya ndani ikapanda. Kwa hiyo mwenye msitu amenufaika wakati mji wa jirani unaumia.

Lakini huyo mwenye msitu naye yumo katika mabishano. Ufini ilijiwekea sheria kwamba ifikapo mwaka 2035 isizalishe hewa chafu nyingi kuliko inayofyonzwa, na hesabu hiyo iliitegemea misitu ifyonze. Takwimu zikaja kuonyesha kwamba mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, misitu na ardhi kwa pamoja vilitoa hewa hiyo nyingi kuliko vilivyofyonza, kwa sababu uvunaji ulikuwa mkubwa na ukuaji wa miti ulipungua. Wanamazingira wanataka uvunaji upunguzwe, wenye misitu wanasema mali yao inaingiliwa, na serikali inazunguka katikati.

Mpandamiti wa Mufindi

Nawashukuru sana, Mwalimu, Dada, Fundi na Mdadisi. Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mmetaja serikali inayobana matumizi. Je, misaada inayokuja huku kwetu itaathirika? Na huo ushirika wa Metsäliitto, Mwalimu ameutaja kwa hukumu ya mahakama tu. Huku kwetu neno ushirika huwafanya wazee wakunje nyuso, kwa sababu mazao yalichukuliwa na malipo ya pili hayakuja. Unaendeshwaje ule wa kwao hadi uwe na viwanda?

Dada wa Uyole

Kuhusu misaada, ndiyo, serikali ya Orpo imeipunguza, na Chama cha Wafini kilitaka ipunguzwe zaidi. Uhusiano haujakatika, kwa maana Rais Stubb alifanya ziara ya kiserikali Dar es Salaam mwezi Mei 2025, lakini lugha inayotumiwa sasa inaegemea biashara na uwekezaji. Mpanda miti wa Mufindi asikae akingoja awamu nyingine ya miche ya bure.

Kuhusu ushirika, Metsäliitto una wanachama takriban 90,000, wote wakiwa wamiliki wa misitu, nao ndio kampuni mama ya kundi la viwanda liitwalo Metsä Group. Mwanachama huweka mtaji wake humo na hulipwa riba kwa mtaji huo mwaka ambao biashara imekwenda vizuri. Malipo ya miti aliyouza ni hesabu nyingine kabisa, nayo hufuata bei ya soko na kipimo cha mashine kama Mwalimu alivyoeleza. Kutenganisha hesabu hizo mbili ndiko kunakozuia ule ujanja wa kumlipa mkulima nusu na kumwahidi kwamba iliyobaki ni sehemu yake ya faida. Wanachama huchagua wawakilishi wao, na wawakilishi hao ndio chombo cha juu.

Katika viwanda vyenyewe ushirika haumiliki kila kitu. Kampuni yao ya kutengeneza rojo, Metsä Fibre, ina mbia wa Kijapani, Itochu, mwenye karibu robo ya hisa, ila ushirika umehakikisha kwamba wingi wa hisa uko mikononi mwake. Kiwanda kipya walichokifungua Äänekoski mwaka 2017 kiligharimu takriban euro bilioni 1.2, na sehemu ya fedha hizo ilikopwa kutoka Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kingine cha Kemi, kilichoanza kazi mwaka 2023, kiligharimu zaidi. Benki hukubali kukopesha kiasi hicho kwa sababu inaweza kuona katika vitabu ni mita za ujazo ngapi zinasimama katika misitu ya wanachama na zitakuwa ngapi baada ya miaka 20.

Fundi wa Makambako

Hilo la vitabu ndilo nililokuwa nalitafuta, Dada. Kikundi chetu kina wanachama wenye miti ya umri mbalimbali, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupimiwa shamba lake mti kwa mti. Tuna utepe wa kupimia na tuna vijana waliopita kwenye mafunzo pale Mafinga. Tunaweza kuanza na mashamba yaliyo karibu na barabara, kabla madalali wa kiangazi hawajafika.